Feruzi, Baisikeli Yako Kesho Inashindana

Feruzi ndugu yangu,

Salamu zangu kwako siku hizi hupitia kwa Mola kwanza ndipo zikufikie, kwa hiyo sina shaka zinafika zikiwa safi. Mwalimu wa chuo cha Kurani akijua nimekuandikia atanigombeza. Atasema marehemu haandikiwi, anaombewa. Basi ipokee hii kama dua iliyopotea njia kidogo. Nimekuombea baada ya kila sala tangu tulipokulaza kule chini ya michikichi, lakini yako mambo ambayo mtu hawezi kuyasema msikitini watu wakiwa ubavuni, na wewe ndiye niliyezoea kukumwagia maneno yangu.

Kesho ni mashindano.

Ndiyo, yale yale uliyoyangoja wewe. Bwana wa boma ameyaweka siku ya sikukuu yao Wazungu. Tutaondoka sokoni hapa Rumonge, tufuate pwani, halafu tupande mpaka kule juu, upande wa Gatete, kwenye viwanja vipya. Hayajapata kuonekana huku kwetu. Tuko wanne: Songoro tarishi wa boma, mwalimu mmoja wa misheni, kijana wa dukani kwa Mhindi, na mimi. Mimi, Feruzi! Fundi cherehani mwenye mvi kidevuni. Ile baisikeli mpya ya karani wa boma, inayokubali miguu ipumzike huku gurudumu linakwenda, imekataliwa. Zinaingia hizi zetu tu, ambazo gurudumu na miguu ni kitu kimoja. Gurudumu likizunguka pedali zinazunguka, na miguu yako itafuata, upende usipende.

Utauliza mzee mzima nimeingiaje humo. Ni kwa ajili ya mama yako.

Tangu ulipoondoka, boma limeamuru watu wote wahame majini kwa sababu ya mbung'o, yule nzi wa malale aliyekuchukua wewe. Vichaka vyote vya pwani vimefyekwa. Watu wamepewa viwanja kule juu, na nyumba ikishaachwa inachomwa moto. Kwa kina Mabruki hapako tena. Msikiti wetu mdogo hauko. Imebaki nyumba moja, ya Bi Tausi mama yako, imesimama peke yake kama jino la mwisho. Sikukuu ikipita, askari watakuja na moto, awe ndani asiwe ndani. Tumembembeleza sote. Zena mke wangu alilia mbele yake. Jibu lake ni moja: "Mimi nikihama, Feruzi akirudi, nani atamufungulia mulango?"

Baisikeli yako alikuwa ameiegemeza ukutani, ndani, karibu na kitanda. Alikuwa akisema kila baada ya alfajiri anazisikia pedali.

Asubuhi moja nikamwambia, mama, nipe niitoe nje niipanguse vumbi, labda utapumua. Nikaishika usukani, nikaanza kuisukuma kuvuka uwanja. Feruzi, wewe unajua inavyokuwa. Pedali zikaanza kuzunguka zenyewe. Moja juu, moja chini, polepole, na juu ya kiti hakuna mtu. Mama yako akapiga ukelele: "Miguu yake! Sudi, miguu yake ile!"

Nikaiona na mimi. Wallahi nikaiona. Kwa sababu zile siku zako za mwisho, ulipokuwa unalala mchana kutwa, umefumba macho, mate kwenye ndevu, miguu yako haikulala. Ilikuwa inazunguka pale kwenye mkeka, taratibu, kama mtu anayepanda mlima. Zena akaifunika kwa kanga, kanga ikatembea. Nilikuwa nakusomea Yasini na macho yangu hayatoki kwenye ile kanga.

Basi nikaiacha baisikeli ikaanguka. Mama yako akakaa chini kizingitini, akasema maneno ambayo sijui yalitoka wapi: "Siku nitakayoiona hii imepandwa na mutu mwenye pumzi, inakwenda juu, haisukumwi, nitajua mwanangu ameshuka. Siku hiyo nitahama."

Nikaiinua, nikaondoka nayo, nikaenda bomani nikajiandikisha.

Sasa cheka. Nakupa ruhusa. Unakumbuka uliponifundisha nyuma ya soko, ukakimbia ubavuni mwangu umeshika kiti huku unasema, "Usipigane nayo, Sudi! Izuie kama unavyozuia mbuzi, kwa mwili, siyo kwa hasira"? Nilikuwa nimesahau yote. Siku ya kwanza nilipanda nikaenda moja kwa moja mpaka majini. Siku ya pili mnyororo ulikamata kanzu. Kwa baisikeli ya karani mtu angeacha kukanyaga akajinasua, lakini hii yetu haiachi. Ilizidi kuivuta kanzu, na miguu yangu mwenyewe ndiyo inayoivuta, mpaka nikasimama katikati ya njia, mimi fundi wa kanzu za Rumonge nzima, nimebaki na nusu kanzu. Wanawake wa Kirundi walikuwa wanatoka kuuza mawese. Walitua mizigo yao chini, kwa utaratibu kabisa, ili wapate kucheka vizuri. "Ewe musaza," mmoja akaniita, yaani mzee, "nguo imekukimbia, ifuate!"

Songoro naye hanipishi. Kila nikimpita barazani kwa boma anainuka: "Shikamoo mzee Sudi. Siku hiyo nitakuachia vumbi la kutayamamu, usitafute maji!" Nikamwambia vumbi lako lina najisi. Zena anasema miguu yangu imezoea cherehani, na cherehani haijawahi kumfikisha mtu popote. Nimejishonea suruali nyembamba, imebana kwenye vifundo. Nikiivaa naona haya, lakini mnyororo hauipati.

Nimekuwa nikijifunza asubuhi na baada ya alasiri. Nikikanyaga, nasoma uradi, nao unakubaliana na miguu: Subhanallah mguu wa kulia, Alhamdulillahi mguu wa kushoto. Hunipa pumzi. Lakini njia, Feruzi! Njia inapita pale pale tulipokuwa tunaishi. Nyumba hazipo, mafiga yapo. Unapita juu ya jiko la mtu unayemjua. Unapita pale dagaa walipokuwa wanaanikwa, na harufu bado iko, watu hawako. Hakuna kuku, hakuna mtu wa kukusalimu amahoro. Kunasikika mnyororo tu.

Pale palipokuwa msikiti pana mteremko mdogo. Juzi nilipofika hapo, pedali zikaanza kunisukuma. Siyo mimi ninayekanyaga, zenyewe zinanikanyagisha. Mwalimu wa misheni nilipomuuliza alinieleza kwa upole, ni uzito wa chuma na mteremko, ndivyo zinavyofanya zote. Namwamini, ni msomi, na ya kwake pia inafanya hivyo. Lakini chuma ni baridi asubuhi, na mimi nilisikia joto kwenye nyayo. Kama mtu aliyetoka tu kuondoa miguu yake pale. Nikaanza Ayatul Kursi. Nilipofika katikati nikajikuta siisomi tena, mdomo wangu unasema Feruzi mguu wa kulia, Feruzi mguu wa kushoto. Sijui nilikwenda hivyo umbali gani. Nimemwomba Mola anisamehe kwa hilo. Nawe unisamehe, kama nilikuita ukaamka.

Jambo la leo baada ya alasiri ndilo lililonifanya nichukue karatasi.

Nilikwenda na baisikeli mpaka kwa mama yako, nimeipanda, nijaribu ule mlima mdogo wa uwanjani. Mlango ulikuwa umerudishwa. Yeye yuko ndani. Akasikia mnyororo, akaita: "Feruzi?"

Kusimama kwa hii baisikeli ni kazi, unajua. Nikawa nazunguka uwanja. Akaita tena, "Feruzi, ni wewe?" kwa ile sauti yake ya zamani, ya kukuuliza kama umekula. Ndugu yangu, nilikuwa na neno moja tu la kusema. Naam, mama. Basi. Ningesema naam, pengine angetoka kwenye ile nyumba saa ile ile, angenifuata mpaka juu, na moto ungekuja ukute kuta tupu. Nilizunguka mara ya pili na lile neno liko kwenye ulimi, zito. Na nikuambie ukweli, nilisikia kama wewe unanisukuma nilitoe.

Nikasema: "Ni Sudi, mama. Feruzi amekufa."

Nikadhani nimemuua. Halafu mlango ukafunguka, akasimama ameshika mwimo.

"Najua amekufa," akasema. "Mimi niliyemuzaa, nitakosa kujua? Wote wanaokuja hapa wananiambia, hama tu mama, Feruzi ataijua njia ya kule. Wananisemesha kama mutoto. Nilitaka kusikia na wewe utanijibu nini."

Akaniangalia, akaiangalia suruali, kisha, Feruzi, akacheka. Tangu kufa kwako sikuwa nimemsikia akicheka. "Sudi! Na hiyo miguu ya korongo ndiyo utashindana nayo?"

Nikashuka, tukakaa. Tulilia, sitakuficha. Kisha akanyanyuka akaanza kukunja mkeka wake. Nikamwambia mama, kesho nitakuwekea nafasi kule mwisho, kivulini, na watu wazima wenzako. Akakataa. "Sikai kivulini kungoja. Kesho nitakuwa njiani na mizigo yangu, napanda. Utanikuta. Ukinipita, usisimame."

Nikamwambia hii haisimami hata nikitaka.

"Iko vizuri," akasema. "Pita tu."

Basi Feruzi, hayo ndiyo yangu. Songoro atashinda, namjua mapaja yake, na sina kinyongo. Wewe lala. Kama kuna kitu chako kwenye zile pedali, kiondoe usiku huu, kwa amani, nakuomba kama ndugu. Mola akupe nafasi pana, akupumzishe mwili mzima. Kwaheri ya leo, mpaka atakapotukutanisha Yeye.

Nami nakuahidi: kesho nitampita mama yako barabarani nimepanda, sitageuza shingo, sitasimama. Nikishafika nitaiegesha, nitashuka tena kwa miguu kumpokea mzigo kichwani. Nyumba yake nitaijenga ukuta kwa ukuta na yangu. Na akiita kutoka ndani, wakati wowote, kwa jina lolote, nitaitika mimi, kwa jina langu.

Ndugu yako,
Sudi fundi