Mtoto Asibatizwe Fulani

(Wasomaji wangu: majina ya wanafamilia katika barua hii nimeyabadilisha. Jina la shujaa wa filamu nimeliondoa na kuweka Fulani, kwa sababu mwandishi aliahidi kutolitaja kisha akalitaja kila aya. Kuna mistari niliyoikata pia, nanyi mtanishukuru.)

Mpendwa Shangazi Verna,

Naomba msaada wako kabla ya Jumapili, na tafadhali usinicheke, maana nimeshajicheka mwenyewe vya kutosha. Nakuandikia wewe uliye mbali huko Winnipeg kwa kuwa hapa kwetu Thunder Bay nikimuuliza mtu mmoja basi nimewauliza wote. Mimi ni mwandishi wa gazeti, kazi yangu ni kutazama filamu kabla ya watu kuziona, kisha kuwaambia kama zinastahili pesa zao bila kuwaambia kinachotokea, na kazi hiyo nimeifanya kwa amani miaka mingi kwa sababu katika filamu nyingi hakuna kinachotokea.

Sasa ikaja hii ya mashujaa tisa, ambayo mji mzima unaingojea mpaka duka la misumari limebandika picha yao dirishani, nikaenda kuiona na waandishi wenzangu, tukanyang'anywa simu mlangoni, tukatia sahihi kwamba atakayefungua mdomo hataitwa tena, nami nikajikalia nikitafuna bisi zangu mpaka ilipofika sehemu ya mwisho, bisi zikanigandia kooni. Kwa sababu Fulani, Shangazi, Fulani yule mpole, yule ambaye kila mtoto mtaani ana kofia yake, anasimama mbele ya wenzake wote waliomwamini na [hapa nimekata – Verna] na anacheka! Anacheka, Shangazi!

Nikarudi kuandika makala. Nikasema mapigano ni makubwa, muziki ni mkubwa, na filamu yenyewe ni ndefu. Lakini mashujaa wengine wote nilikuwa nimewagusa, ningempitaje Fulani kimya kimya bila watu kunusa jambo? Ndipo nikaandika sentensi moja ambayo sasa inaninyima usingizi: "Fulani anatuonyesha upande wake ambao hatujawahi kuuona, na kuanzia leo hakuna atakayelisikia jina lake kama alivyolisikia zamani." Nikajipongeza kwa kikombe cha kahawa, nikaona nimesema kweli tupu na wala sijasema kitu.

Makala ilipotoka tu, shemeji yangu Reino, kaka wa mke wangu, dereva wa malori ya magogo, akaniita sauna. Ukoo wa mke wangu ni Wafini wa hapa hapa tangu enzi za babu yao, na kwao jambo zito halizungumzwi mezani, linazungumzwa kwenye mvuke, watu mkiwa uchi na majasho yanawatiririka. Reino na mkewe Kelsey wamejaliwa mtoto wa kiume, mzuri, ana kichwa kama cha mwenyekiti wa kikao. Na Reino mwenyewe amempenda Fulani tangu akiwa mtoto.

"Shem," akaniambia, "makala yako nimeisoma mara tatu. Kelsey amelia."

"Amelia nini tena?"

"Furaha, bwana! Hapo kwenye jina. Sisi tulikuwa tunababaika, hili au lile, hili au lile, wewe ukatukatia shauri. Mtoto anaitwa Fulani."

Nikayamwagia mawe ya moto maji mengi ili mvuke unifiche uso.

"Reino, lakini Fulani si... si refu hilo?"

"Refu? Fupi kuliko lako!"

"Nasema tu majina ya filamu huwa yanapitwa na wakati."

"Si umeandika mwenyewe halitasikika tena kama zamani? Au ulikuwa unatupiga kamba?"

"Kamba sikupiga."

"Basi yamekwisha! Na baba wa ubatizo ni wewe, wewe ndiye utakayemshika na kulitaja mbele ya mchungaji. Sasa ole wako limfikie mama kabla ya siku."

Hapo ndipo nilipokaangwa. Maana katika ukoo huu jina la mtoto halitajwi mpaka afikishwe kwenye maji ya ubatizo. Bibi halijui, shangazi zake hawalijui, hata mke wangu Tuula halijui, tunalijua wazazi wawili na mimi. Kwa hiyo nimebeba siri mbili, ya filamu siwezi kuwaambia wanaojua jina, na ya jina siwezi kuwaambia hata wale wasioijali filamu, na nikikaa na Tuula jioni nabaki kuzungumzia theluji.

Na bado. Juzi mama mkwe akaja na mkate wake mtamu wa iliki, ule wa kusuka, akaketi jikoni akanikatia kipande kikubwa. Mumewe, mzee Eino, tulimzika mwaka jana, na mama huyu tangu mimba ya Kelsey ijulikane ana tumaini moja tu, ingawa halisemi.

"Mwanangu," akasema, "mimi jina sikuulizi. Mila ni mila. Nataka tu kujua linaanza na herufi gani."

"Mama, siwezi."

"Usiseme, nani kakwambia useme? Mimi nitazitaja herufi, wewe ukisikia yenyewe, kohoa. Kukohoa si kusema."

"Mama, jamani!"

"A," akaanza, ananitazama usoni. "B. Ch."

Nami ili nisionyeshe uso wowote nikaujaza mdomo mkate, nikameza haraka, na alipofika E nikapaliwa. Nilikohoa, Shangazi, mpaka machozi yakanitoka. Nilipofumbua macho mama mkwe alikuwa amenikumbatia, naye analia, ananiita mwanaume wa maana. Sasa anatarizi jina la Eino kwenye gauni la ubatizo kwa uzi wa buluu, na mimi napita pembeni kama mwizi.

Ratiba ni hii: Jumapili asubuhi kanisani, kisha kahawa na mkate, kisha ukoo mzima kwenda sinema na vinyago vya mashujaa usoni, Reino amekwisha nunua safu nzima ya viti, na mtoto atavikwa kofia ya Fulani. Yaani asubuhi nimtaje, mchana wamwone! Nikimwambia Reino ukweli nitakuwa nimemharibia filamu aliyoingojea miaka na nitakuwa nimevunja ahadi ya kazini, na nikinyamaza nitakuwa nimembatiza mtoto wa watu jina la [nimekata tena – Verna]. Nifanyeje?

Mimi Mwenye Siri Mbili,
Thunder Bay

MAJIBU YA SHANGAZI VERNA

Mwenye Siri Mbili, pole sana. Pole imekwisha, sasa kaa chini.

Mimi na mume wangu Lorne tuna tiketi za Ijumaa. Tulizinunua mapema, tukapanga na yaya wa kumwangalia mbwa. Ndipo barua yako ikafika, nikaifungua nikiwa na chai yangu, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimeshajua nani, lini, mbele ya nani, na kwamba anacheka. Wasomaji wangu wamesalimika kwa sababu ya mkasi wangu, ila mimi nani alinikatia? Lorne ananiuliza mbona nimenuna, namjibu ni meno. Umekuja kuomba utuliwe mzigo, ukautua kichwani kwangu.

Haya. Hiyo sentensi yako ni nzuri mno, na huo ndio ubaya wake. Ukimsema mume wa jirani kwamba ameonyesha upande ambao hatujawahi kuuona, watu watafunga milango. Ukimsema shujaa wa filamu hivyo hivyo, watu wanampa mtoto jina. Ungetaka kuficha ungeandika, "Fulani naye yumo." Hakuna mwanamke ambaye angelia kwa furaha kwa sababu Fulani yumo. Lakini wewe ulitaka uifiche siri na usifiwe kwa jinsi ulivyoificha.

Kuhusu mama mkwe, najua kupaliwa hakukuwa hila. Lakini alipokukumbatia, mkate ulikuwa umeshashuka. Koo lilikuwa wazi, na ulimi ulikuwepo. Ulinyamaza kwa sababu kuitwa mwanaume wa maana kulikuwa kutamu kuliko iliki. Huyo ni mjane, bwana, na kila mshono anaoupitisha katika gauni lile anazungumza na mumewe. Hilo limeniuma kuliko mambo yote ya filamu yako.

Sasa nisikilize. Unajiona umebanwa kati ya kusema na kunyamaza, ila umesahau kwamba kuna kalenda. Uliahidi kutosimulia filamu. Je, uliahidi kutobadilisha siku? Filamu inaanza kuonyeshwa kesho Alhamisi, ubatizo ni Jumapili. Nunua tiketi mbili za kesho au Ijumaa kwa pesa yako mwenyewe, tena viti vizuri, umpelekee Reino na Kelsey. Mtoto mtamlea wewe na Tuula jioni hiyo. Safu ya Jumapili ibaki kama ilivyo, mashabiki wa namna yao kuona mara mbili kwao si adhabu.

Reino atakuuliza kwa nini. Mwambie hivi, na usiongeze neno: "Shemeji, usimpe mwanao jina la mtu ambaye hadithi yake bado inauzwa tiketi. Kaione kwanza." Atakuvuta sauna, nenda. Atamwaga maji kwenye mawe mpaka uive, iva. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe unajificha hata mahali ambapo watu wote wako uchi! Akikuuliza Fulani amefanya nini, mjibu kwamba ulichoweza kukisema umekisema. Atakasirika, atakuita mnafiki wa magazeti, na hapo mkubalie kidogo.

Utaniambia kwamba kumwambia hivyo tu ni kumnusisha. Ndiyo, atanusa. Atajua kuna kitu, ila hatajua ni kitu gani, na hiyo ndiyo kazi uliyodai unaiweza. Nusu ya mshangao wake itapotea, nami namsikitikia, kwa kuwa wangu umepotea wote. Lakini pima mwenyewe: baba apoteze mshangao wa jioni moja, au mwana aitwe darasani kila asubuhi na wenzake wakumbatie mikoba yao?

Inawezekana wakaiona na bado wakalitaka jina hilo hilo. Wapo wazazi wanaopenda mtu mwenye makosa yake, na mtoto ni wao. Wakifanya hivyo wakiwa macho, wewe utalitaja kanisani kwa sauti, bila kukunja uso.

Kwa mama mkwe nenda leo, usisubiri kesho. Usimtajie jina, mila yao iheshimu. Mwambie, "Mama, siku ile nilipaliwa na mkate. Sikukohoa herufi. Jina sikuambii, ila uzi huo uweke pembeni kwanza." Atakutazama vibaya na pengine atalia. Usikimbilie mlango. Keti, unywe kahawa yake, umuulize mzee Eino alikuwa mtu wa namna gani, na umwache azungumze mpaka achoke. Kisha mwambie kwamba kama ana jina moyoni mwake amwambie mwanawe, kwa kinywa chake, badala ya kulitafuta katika koo la mkwe. Huenda Reino hajui kabisa kwamba mama yake anatamani. Wanaume wa mvuke na magogo mara nyingi hawajui mpaka waambiwe.

Na Tuula umwambie una siri usizoweza kumwambia. Amekusikia ukihubiri theluji kila jioni, sasa anafikiri una mwanamke.

Mwisho, kumbuka umechaguliwa baba wa ubatizo. Kazi hiyo ni kumsemea mtu asiyeweza bado kujisemea, na Jumapili atakuwa mikononi mwako, hajaisoma makala yako na wala haijui filamu yoyote, anangoja tu aitwe. Gazeti limekulipa miaka mingi uzungumze bila kusema. Huyu hakulipi chochote. Mpigie baba yake simu sasa hivi.