Chumvi Niliyoimwaga Darini

Dada yangu Time,

Shikamoo. Namshukuru Mola aliyenipa pumzi ya kukuandikia. Nauliza hali yako, miguu ya Mama, na kikohozi cha shemeji. Mimi mwili mzima, moyo ndio mbovu. Simu sikupiga kwa sababu simu yako huko Pemba hupokelewa na kila mwenye mkono, na haya nataka uyasome peke yako.

Unajua nnamtunza Bi Zuwena hapa Kiponda, nampikia na kumkogesha. Kisima cha nyumba hii maji yake ni magumu, yana chokaa. Unasugua sabuni mpaka mkono unachoka, povu hulioni. Mwanawe, Bwana Salim, akaleta mashine ya kulainisha maji, ikafungwa darini kando ya tangi. Ubavuni mwake pana pipa la kutia chumvi, na kazi hiyo akapewa Mzee Haji, mtu wa Mkokotoni, mwangalizi wa nyumba. Dada, maji yakawa laini, kanga zikatakata, mpaka nywele za Bi Zuwena zikalala.

Sasa sikia ujinga wangu. Bi Zuwena ana presha, na daktari alinionya mimi: "Chumvi marufuku, Bi Mize, hata ya kuonja." Nami kila Jumamosi namwona Mzee Haji anapanda na chumvi gunia zima, anaimwaga kwenye mashine ya maji! Nikasema, mchuzi nampikia chapwa, kisha nnamnywesha gunia? Sikuuliza mtu, niliona haya kuonekana sijui. Mzee Haji akienda kusali Adhuhuri, mimi napanda, naichota ingali haijayeyuka, naimwaga kwenye tundu la maji ya mvua. Na Bismillahi juu yake, dada. Nilijiona nafanya ibada.

"Mashine hii inakula chumvi kama muanika samaki wa ng'onda," Mzee Haji akinitania kila akikuta pipa tupu. Nami nacheka.

Miezi ikapita. Povu likapotea tena, kisha hita ya chooni ikaungua. Bwana Salim akaja na fundi aliyeifunga mashine. Kufunua pipa, hamna hata punje.

"Chumvi inanunuliwa kila mwezi," Bwana Salim akamgeukia Mzee Haji. "Unamuuzia nani, mzee wangu?"

Yule mtu mzima akaapa mpaka sauti ikamkauka. Mimi nimesimama tu na sinia la chai. Akafukuzwa siku ile ile.

Fundi alipokuwa anafunga vyombo vyake nikamuuliza, ile chumvi si tunainywa? Akacheka. "Tunainywa wapi, bibi! Ndani ya mtungi ule wa mashine mna chembe kama mayai ya samaki. Maji yakipita, chembe zinaikamata chokaa, zinaachia chumvi kidogo sana mahali pake. Zikishajaa chokaa, mashine inazikosha kwa maji ya chumvi ya kwenye pipa, chokaa inang'oka, na maji yale yanamwagwa nje. Na wewe hata hicho kidogo hukipati. Mfereji wa jikoni haupiti kwenye mashine, niliutoa kisimani moja kwa moja kwa ajili ya huyo Bi Mkubwa na presha yake. Huoni birika lako lina ukoko mweupe?"

Naliona, dada. Nalikwangua kila wiki. Bi Zuwena hajapata kunywa tone la maji ya mashine.

Siku tatu nilizunguka nalo. Ya nne nikamwendea Bwana Salim, nikamwambia yote. Akanitazama kwa huruma. "Bi Mize, naujua moyo wako. Unataka kumbebea kosa lake." Nikaapa. "Usiape kwa ajili ya mwizi, utapata dhambi." Kila nikizidi kulia ndivyo alivyozidi kuniona mwema.

Juma lililopita nikaenda Mkokotoni. Mzee Haji ana binti aliyekuwa ameposwa. Habari ya wizi ilipofika, wenye posa wakajitoa. Binti alikuwa uani, hasikii, nikakaa chini mbele ya baba na mama, nikasema.

"Nshakusamehe," Mzee akasema. "Lakini ungeniuliza tu, Bi Mize. Neno moja."

Nikamwambia nitakwenda kwa wenye posa niwaeleze. Mkewe alikuwa anasuka ukili wa mkeka, hata uso hakuinua. "Uende useme nini? Mjane wa mjini anakuja mbio kumtetea mume wangu? Nshaitwa mke wa mwizi. Unataka niitwe na jengine?"

Nikainuka, Time, nikaaga.

Nikisujudu naomba msamaha, na huo nshapewa. Lililobaki sijui hata niliombe vipi. Mpe Mama mkono wangu, mwambie sijambo, haya usimsomee. Nisalimie shemeji, seremala wetu, na mjomba Kombo, muadhini, na somo yangu Fatma, mkunga. Niombeeni bila ya kuwaambia sababu.

Nilipoondoka, binti yule alinisindikiza mpaka barabarani amenishikia mkoba. Akaniambia, "Ahsante, Bi Mize. Katika watu wote wa mjini, wewe peke yako ndiye uliyekuja kumtazama baba."

Mdogo wako,
Mize