Barua Zilizokaa Pamoja na Nyimbo

Fransiska, soma hii ukiwa peke yako.

Unaikumbuka ile programu niliyoweka kwenye kompyuta ya usharika? Kwaya na studio zinachukuliana nyimbo moja kwa moja, kompyuta kwa kompyuta. Nilijiona mjanja!

Sasa hivi mwalimu wa kwaya ya Tengeru kanipigia. Hata salamu hakuna. "Dada Ndeshi, mbona huku naona barua za watu wanaoomba kurudi kundini?"

Barua za kurudi kundini! Humo mtu anaungama dhambi iliyomtenga na kanisa. Kanisani linasomwa jina tu, dhambi inabaki kwa mchungaji. Na mimi ndiye ninayezichapa!

Nilitakiwa kuchagua folda ya nyimbo, nikachagua folda nzima ya ofisi. Wiki tatu iko wazi. Nikamwomba afute. Akasema, "Mimi nitafuta. Lakini mimi siko peke yangu humu."

Nimechomoa waya, ndiyo. Lakini waliochukua wanaendelea kugawiana bila mimi.

Nimeangalia orodha ya waliochukua. Barua yako imechukuliwa na kompyuta kumi na moja. Tisa sizijui. Ya kumi ni Tengeru.

Ya mwisho imeandikwa "Abdiel Studio".

Fransiska, mumeo yuko wapi sasa hivi?