Sévère, Uliyeshusha Kipoyi cha Mwami

Mwaka mzima umeisha, Sévère, tangu kipindupindu kikuchukue pale bandari ya Kalundu, katikati ya wagonjwa uliokuwa ukiwaosha. Watu wa kanisa walitaka tukuandikie maneno matamu. Dada yako Generose amekataa. "Muandike vile iko," amesema. "Alituumiza."

Ulikuwa mtoto wa kwanza wa mwami. Kiti cha mlima wetu, huko juu upande wa Bijombo, kilikuwa chako. Baba alipozikwa, wazee walikuletea maziwa ya kutawazwa. Nani asiyejua? Mwami akishayanywa, bega lake halibebi tena kitu, hata jembe. Weye ukayasukuma mbele ya watu wote. Ukasema Yesu aliosha miguu ya wavuvi, nawe unashuka ziwani. Aibu gani ile! Mama Élisabeth alijifunika uso kwa kitenge.

Wala hukuondoka mikono mitupu. Ulishusha darini kipoyi, kile kiti cha miti miwili ambacho wanaume wanne walimbebea babu yetu, ukaanza kubebea wagonjwa na wajawazito. Mwenyewe ulibeba mbele, peku, ukipiga mluzi nyimbo za Misa. Generose alikufuata hadi bandarini.

"Mutoto wa mwami anabeba bantu ba bure?"

"Dada, na minye niko muntu wa bure," ukajibu, ukimsogezea bugali na ndagala. Hakuonja. Alipanda mlima na njaa yake.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Sévère. Binamu Marcellin alikalia kiti ulichokiacha, na kabla ya mavuno akatufukuza nyumbani kwa baba. Mama yako sasa analala Makobola, katika chumba cha kupanga. Ulimwonea huruma kila mtu isipokuwa yeye. Hilo Generose hajakusamehe, na asikudanganye mtu.

Mwezi wa nne kifua kilimbana mama hata midomo ikabadilika rangi. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara, gari hakuna. Asubuhi wakatokea watu wa Kalundu na kipoyi. Wote uliwahi kuwabeba, na baadaye wakabeba pamoja nawe. Walikuwa watatu. Nafasi ya nne ilikuwa yako, na hakuna aliyeijaza.

Generose akawafokea warudi na kitu chao cha laana. Ndipo mama, pumzi ikimkata, akasema, "Generose, unangoja mwami gani?"

Dada yako akakaza kitenge, akaingiza bega chini ya mti. Binti wa mwami, ee! Alibeba hadi kituo cha afya, akilia na kukutukana njia nzima. Mama alipona. Jana alimaliza sahani akaomba tena.

Usifurahi mapema. Hasira ya Generose ingali pale pale. Ila kila Jumamosi anashuka Kalundu, anavua viatu, anashika nafasi ile ya mbele. Wenzake wanasema hapigi mluzi, anagomba tu.

Wanaokukumbuka ni mama yako Élisabeth, dada yako Generose, mimi mdogo wako Délice niliyeandika haya, na wote waliokaa katika kipoyi kile. Marcellin hatukumwomba atie jina lake.

Kukusahau tulijaribu, Sévère. Tumeshindwa, na tutashindwa siku zote.