Rufaa Niliyoiomba kwa Macho

Mwalimu,

Shikamoo. Naona haya hata kukuandikia, lakini Nyamwaga nzima nani mwingine ataelewa kosa la besiboli?

Tangu tukuzike, kazi yako ya uamuzi uwanjani imeniangukia mimi, mwanafunzi wako. Juzi walikuja wageni kutoka Serengeti. Ngwe ya mwisho, shule yako inaongoza kwa pointi moja, mkimbiaji wao yuko besi ya tatu, mwenzao mmoja keshatolewa. Mpira ukapigwa juu, ukadakwa. Huyo wa pili katoka, bado mmoja tu wamalizike. Mkimbiaji akafika besi ya nyumbani, ikawa sare. Ila niliona: alichomoka besini kabla mpira haujadakwa.

Ulitufundisha wewe mwenyewe, huku ukitafuna muhogo mbichi. Akichomoka mapema, mwamuzi ananyamaza. Ni kazi ya wanaolinda kupeleka mpira kwenye besi aliyochomoka na kukata rufaa, kabla mrushaji hajarusha tena. Wasipokata, pointi inahesabika. "Mura, kijana wangu, ukiona, meza," ulisema. Na ulimeza kweli. Enzi zangu za udakaji tulipoteza mchezo hivyohivyo mbele ya macho yako, kisha ukatuambia, "Niliona. Hamkuniuliza." Nilikununia wiki nzima.

Mimi nilishindwa kumeza. Mrushaji keshashika mpira, badala ya kujipanga nyuma ya mdakaji nikasimama wima, nikakazia macho besi ya tatu. Nikakohoa. Mdakaji ni Chacha, kitindamimba wako. Akanitazama, akatazama nilikotazama, akapiga kelele mpira upelekwe kule. Rufaa! Nikanyanyua ngumi: wa tatu katoka, pointi haihesabiki, mchezo umekwisha. Tumeshinda.

Umesikia? Mwamuzi mzima nasema tumeshinda.

Yule kijana wa Serengeti hakubisha, alijua amechomoka mapema. Alinipa mkono, ameinama kidogo, akasema, "Asante, mwamuzi." Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Chacha alituchinjia jogoo, akasema ni wewe uliyetuombea huko uliko. Nikala. Nikamaliza, na mchuzi nikaongezewa.

Kinachoniua ni Chacha. Siku hizi tukikutana ananikonyeza. Mtoto wako, Mwalimu! Ananikonyeza kama mwizi mwenzake, na amefurahi. Sijamkemea, maana ningeanzia wapi? Nikija kwenu napitia nyuma, kwenye migomba, nisilione kaburi lako.

Jumamosi nakwenda Serengeti kumwambia yule kijana na mwalimu wao. Najua pointi hairudi. Alichomoka mapema kweli, na rufaa ilikatwa. Lakini waambiwe ilivyokatwa. Nakwenda na Chacha. Nimemwambia tunakwenda kusalimia tu, akanikonyeza tena.

Nakuahidi atasikia kila neno, amesimama kando yangu.

Pumzika, tata, baba yangu. Nadhani wakati wa kurudi Chacha ataninunia njia nzima, kama nilivyokununia wewe, na nitashukuru.

Mwanafunzi wako,
Mwita