Kamera Chini ya Nepi

Jumamosi, baada ya magharibi

Mwanangu Zuhura ametoka kunitapikia maziwa kwenye kanga, halafu anacheka. Sina nguvu hata ya kununa.

Leo nilipiga picha kwenye sherehe ya kumtoa mwali, kijijini Mahurunga. Kamera ninayo hii moja tu, ikiibwa kazi imekwisha. Ndiyo maana njiani naificha mkobani, chini ya nepi chafu. Mwizi gani atapekua humo?

Nilipomaliza niliirudisha humo, nikaenda kuswali. Kurudi, mkoba haupo. Nikautafuta chumba kwa chumba.

Nikamkuta bibi yake mwali uani, ameinamia beseni la povu, anafua nepi zangu.

"Mgeni wetu haondoki na nguo chafu za mtoto," akasema. "Hilo dude lako lipo kitandani kwangu. Mjukuu wangu, nani kakufundisha kulaza kamera kwenye mavi?"

Nilicheka huku nalia. Kumwambia naogopa wezi, nyumbani kwake, nikaona haya.

Nimechoka kuficha. Natamani chumba changu cha picha hapa Likombe, chenye kufuli, na Zuhura akikua nimfundishe kupiga picha bila kugeuka nyuma kila mara kama mimi. Mama mkwe anaita, ngoja niende.