Picha ya Saa Moja

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Kazi yangu ni kuuliza wengine maswali, leo ni zamu yangu, na naomba unijibu kabla ya Jumanne.

Niliandika habari za siasa gazetini miaka kumi na minne, mpaka mhariri aliponikatalia habari ya tatu mfululizo kwa sababu ilimgusa waziri, nikaacha kitambulisho mezani kwake, nikaanzisha tovuti yangu kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu, na mke wangu akasema sawa, ila usije ukatuponza. Wasomaji wakaongezeka, nikawa naitwa redioni kama mwandishi asiyenunulika, na nikiri, kichwa kikavimba kidogo.

Mwezi uliopita karani mmoja wa masijala wizarani, mama wa makamo ninayemwita dada, alinipa nakala ya barua inayoonyesha waziri aliagiza dawa za hospitali zinunuliwe kwa shemeji yake. Aliniomba jambo moja tu, kwamba nikitoa picha ya barua nikate pembeni, maana pana namba ya jalada aliyoiandika kwa mkono wake, nikaahidi, lakini siku ile nikasikia gazeti langu la zamani linanusa habari hiyohiyo, nikaogopa kutanguliwa, nikaibandika nzima. Baada ya saa moja nikashtuka, nikaifuta na kuweka iliyokatwa, na dada aliiona hiyo ya pili tu.

Wizarani walikuwa wameshaihifadhi ya kwanza. Akasimamishwa kazi bila kuambiwa wamemjuaje, naye anaamini amechomwa na rafiki yake wa meza ya jirani, aliyefanya naye kazi miaka tisa, hawasalimiani tena, na Jumanne mbele ya kamati ya nidhamu amekusudia kusema kwamba huyo rafiki ndiye aliyetoa barua, ili naye aonje. Nilikwenda kumpa pole. Akaniambia, “Afadhali wewe, ndugu yangu. Ndiye pekee niliyebaki nikimwamini.” Nikanywa chai yake, nikanyamaza.

Mke wangu anasema nikamweleze. Mwenzangu wa gazetini anasema nikikiri hakuna atakayenipa siri tena, na kila nilichokijenga kitakufa. Nifanyeje?

Mwandishi wa chumba cha nyuma

*

Ndugu mwandishi,

Marahaba, na pole. Kosa la kwanza ulilifanya kwa haraka, na haraka humpata kila mtu. La pili ulilifanya umekaa, kikombe mkononi, na hilo ndilo linalonikasirisha. Ulimkimbia mhariri aliyeficha ukweli ili alinde kiti chake. Wewe unalinda kiti gani?

Nenda kwake. Usipige simu wala kutuma ujumbe. Mwambie kwa ufupi: picha ya kwanza niliitoa bila kukata, ndiyo iliyokuponza, rafiki yako hana hatia. Kisha nyamaza umsikilize. Habari za kutanguliwa na gazeti hazimhusu, ziache nyumbani. Akikufukuza, ondoka.

Usikimbilie kwenye kamati kujitangaza, utakuwa umewathibitishia kwamba barua ilitoka kwake. Akikubali, mtafutie wakili wa mambo ya kazi, naye wakili ndiye amwambie la kusema na la kutosema. Kwenye tovuti usiandike neno. Na kuanzia sasa kila unachotaka kutoa akisome mtu mwingine kwanza, hata huyo mkeo, naona ana macho kukushinda.

Huenda watoa siri wakakukimbia. Huenda dada asikusamehe, wala usiende kwa kutafuta msamaha. Nenda kwa sababu Jumanne mtu asiye na kosa atatajwa. Leo ni Jumamosi. Vaa viatu.

*

Wasomaji wangu, jibu hili nilimpelekea kwa mkono siku ileile. Ninalitoa leo, miezi saba baadaye, kwa ruhusa yake, ya karani na ya rafiki wa karani, baada ya kubadilisha mambo kadhaa. Karani hakurudishwa kazini. Mwandishi alisubiri barabarani siku ya kamati, na hajaambiwa kwamba amesamehewa. Lakini karani hakumtaja mtu, na aliyemsindikiza hadi mlangoni, wameshikana mikono, ni rafiki yake wa meza ya jirani.